Jeli ya Moto

Jeli ilikuwa ya moto. Kwa kawaida wagonjwa wa kupimwa moyo huruka inapowagusa kifuani kwa ubaridi wake, lakini mzee aliyelala kitandani alicheka.

"Leo mmeipasha, Fundi Moyo? Safari iliyopita nilidhani mnanigandisha nisioze."

Fundi Moyo, kama walivyomwita mpimaji wa chumba cha ultrasaundi, hakucheka. Hakuna aliyeipasha. Na spika ya mashine, ambayo kazi yake ni kutoa mvumo wa damu ikipita mishipani, ilikuwa inahema. Chumba kilinuka sabuni ya kufulia.

"Sista, unasikia?" alinong'ona.

"Nasikia damu," muuguzi alijibu. "Wewe unasikia njaa. Nenda ukale."

Sabuni ile aliijua. Mwezi uliopita alilala pale dobi mmoja, mama wa makamo, mikono imechubuka. "Angalia vizuri, mwanangu. Nikiinua ndoo, hapa panabana kama nimekanyagwa." Picha yake ilikataa kutoka, mbavu zilikinga, na mechi ya mpira aliyotaka kuiwahi ilikuwa imeanza. Fundi Moyo akachukua picha safi ya mgonjwa aliyetangulia, akaiweka kwenye majibu ya dobi. "Ni gesi tu, mama. Nenda nyumbani." Dobi alifia kwenye beseni lake, povu halijatulia.

Sasa, alasiri ya siku ile ya mzee, mke wa Fundi Moyo aliletwa ameshika kifua, jasho likimtiririka.

"Baba watoto, panabana."

Alimlaza mwenyewe, akampaka jeli, nayo ilikuwa ya moto, akaweka kifaa kifuani, na kwenye kioo ikatokea mishipa mipana, safi, damu ikipita bila kikwazo, na kwenye kona ya chini kile kivuli cha ubavu uliopinda ambacho alikijua vizuri, kwa sababu ni yeye aliyeihamisha picha ile kwenye majibu ya dobi. Akasogeza kifaa kushoto, picha haikusogea. Akakiinua kabisa kutoka kifuani mwa mkewe, na picha ikaendelea kudunda.

Spika ikasema taratibu: "Ni gesi tu, mwanangu. Mpeleke nyumbani."

"Nisamehe, mama. Nipige mimi. Huyu hajakukosea."

"Na mimi nilimkosea nani?"

Alimbeba mkewe hadi kwenye gari, akapiga honi njia nzima mpaka hospitali ya pili. Mpimaji wa kule, dada mchangamfu, hakuwachelewesha.

"Ajabu," alisema akimpaka. "Leo jeli ya moto."

Harufu ya sabuni ikamjaa Fundi Moyo kooni.

"Mishipa ya wifi safi kabisa, kaka."

"Picha hiyo si yake! Mpime tena!"

"Si yake? Kwani kifaa nimeweka kifuani mwa nani?" Dada alicheka, akakifuta. "Tulia. Itakuwa gesi."

Mkewe alimshika vidole. Mkono ulikuwa wa baridi, umelowa, na kati ya vidole palikuwa na povu.