Taa za Kinjal na Ulimi wa Jirani

Wana kitongoji, na ninyi mlio mbali ambao habari hii itawafikia, sogeeni karibu. Hii ni habari ya nyumba iliyotaka kuungua kwa maneno matupu, na ya mwanamke aliyekataa iungue. Msikilizeni kwa heshima, maana watu wa aina yake hawajai kiganja.

Ukishaipita Ihanja kidogo, huku kwetu Singida, ukaiacha barabara kubwa, utakuta kitongoji kilichojibanza kati ya mawe makubwa na mashamba ya alizeti. Humo aliishi Elina, mama wa makamo, na mumewe Antipasi. Binti yao Dina ameolewa Igunga, kwa hiyo chumba chake kilikuwa wazi. Mwaka huo chumba kile kilipata mgeni: Kinjal, msichana kutoka jimbo la Gujarat, nchini India. Alikuwa anasoma kilimo katika chuo kimoja hapa nchini, na chuo kilimtuma huku kuchunguza udongo wa mashamba ya mtama na alizeti.

Jioni zilikuwa tulivu pale nyumbani. Elina alichambua mtama kwenye ungo, Kinjal akaandika mambo yake ya udongo, Antipasi akatania.

"Singida nzima inasifika kwa kuku," alisema mzee yule, "halafu Mungu ananiletea mgeni asiyekula hata mchuzi wa kuku!"

"Baba, mimi mboga yangu ni mlenda," alijibu Kinjal.

"Huyo ameshakuwa Mnyaturu," alisema Elina. "Wewe kula kuku wako unyamaze."

Basi jioni moja, mwishoni mwa Oktoba, Kinjal alirudi kutoka kwenye jiwe ambako simu hushika mtandao. Macho yalikuwa mekundu. Alimwamkia Elina shikamoo, akapitiliza chumbani. Elina hakuwa mtu wa kuacha mtoto alie peke yake. Aliweka ungo chini, akamfuata.

"Kuna msiba nyumbani?"

"Hapana, mama. Kuna sikukuu."

Elina alicheka kidogo. "Sikukuu ndiyo inakuliza?"

Ndipo Kinjal akaeleza. Kesho yake ilikuwa Diwali, sikukuu kubwa ya Wahindu. Siku hiyo kwao kila mlango huwekewa taa ndogo za udongo, na kizingitini wanawake huchora maua kwa unga na rangi. Kesho yake tena huwa mwaka mpya wao, na watu hupita nyumba kwa nyumba na vitu vitamu, wakisalimiana na kusameheana. Tangu azaliwe hajawahi kuikosa. Safari hii mama yake amempigia akiwa anasugua sakafu, na nyuma yake wadogo zake wanagombania nani atawasha taa ya kwanza.

Elina aliketi kando yake. Alimkumbuka Dina, Krismasi ya kwanza baada ya kuolewa, alivyopiga simu akashindwa kusema.

"Udongo tunao," alisema. "Mafuta ya alizeti tunayo, tena tumekamua wenyewe. Pamba ya utambi nitaitafuta. Kuna nini tena kinachokosekana?"

"Familia," alijibu Kinjal.

"Na hapa umekaa na nani, mbuzi?"

Siku iliyofuata walifinyanga vibakuli vidogo, wakavikausha juani. Elina alitoa unga wa mtama, na Kinjal akauchorea maua mbele ya mlango, duara ndani ya duara, kwa vidole vilivyojua njia bila kutazamwa. Jua lilipozama wakawasha taa. Mwezi haukuwapo, maana sikukuu hiyo huangukia usiku wa giza. Kila kizingiti kikang'aa, hata cha zizi, kwa sababu Antipasi alisema na ng'ombe nao ni watu wa nyumba hii. Ndugu msomaji, kama kuna uzuri uliowahi kutokea katika ua ule, ulikuwa huo. Kinjal aliimba nyimbo za kwao kwa sauti ndogo, na Elina, Mkristo aliyebatizwa na kukomunika, alikaa karibu yake akipiga makofi taratibu.

Lakini nje ya uzio wa minyaa alikuwa anapita jirani yao Mughwai. Alisimama, akachungulia. Aliona moto mwingi mdogo. Aliona unga umemwagwa ardhini, tena mwezi ambao maghala yanakwanguliwa mpaka sakafuni. Alisikia wimbo wa lugha asiyoijua. Angeweza kubisha hodi na kuuliza. Hodi ni neno la bure! Yeye akaondoka kimyakimya na tafsiri yake kichwani.

Mnajua Oktoba ilivyo kwetu. Mashamba yameshasafishwa, kila jicho liko juu. Wiki ile mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki, na watu walikuwa wameanza kunusa upepo kwa matumaini. Asubuhi baada ya taa zile, mawingu hayakuwapo. Anga lilikuwa jeupe kama limefagiliwa.

"Nimeona kwa macho yangu," Mughwai aliwaambia watu kisimani. "Mama Dina na yule Mhindi wake wamefunga mvua."

Habari ilipotoka kisimani ilikuwa taa na unga. Ilipofika dukani ilikuwa taa, unga na damu. Ilipofika kwenye mashine ya kukamulia alizeti, Kinjal alikuwa amezunguka nyumba akiwa uchi, amepanda fisi!

Asubuhi hiyohiyo Elina na Kinjal walikuwa wametengeneza kashata za karanga ili wawapelekee majirani, kama desturi ya mwaka mpya inavyotaka. Mlango wa kwanza ulifungwa walipokaribia. Wa pili, mtoto alinyoosha mkono akavutwa ndani. Wa tatu, mama mmoja alizipokea, na walipogeuka wakasikia sahani ikimiminwa jalalani. Kisimani wanawake waliinua ndoo zao, wakamwachia Elina nafasi pana kuliko alivyohitaji. Jioni jiwe likatua juu ya bati.

Elina alikaa kitandani mpaka usiku wa manane. Kilichomkosesha usingizi si jiwe. Ni jina la Klara.

Klara alikuwa mjane wa hapohapo kitongojini, mfinyanzi wa vyungu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa tanuri lake. Miaka michache nyuma, ulipotokea ukame, macho hayo yakaitwa ya mchawi, na maneno yalianza hivihivi: kisimani, dukani, mashineni. Kisha yakaja mawe. Kisha nyumba yake ikachomwa, naye akakimbilia kwa kaka yake kule Kintinku na kanga moja mwilini. Hakuna aliyeshitakiwa. Elina alikuwa ndani siku ile, amefunga mlango, akisikia.

Kesho yake Mughwai alikuja na wanaume kadhaa. Hawakuingia ndani. Walimwita Antipasi nje ya uzio.

"Baba Dina, sisi hatuna ugomvi na wewe," alisema Mughwai. "Mtoe huyo binti leo. Mkeo aje mkutanoni aseme alidanganywa, aombe radhi. Yaishe."

"Na asipokuja?"

"Klara naye hakuja."

Antipasi alirudi ndani akiwa amekauka midomo. "Mke wangu, mimi nimezeeka, sina mbio tena. Tumpeleke binti mjini akapande basi. Si kumfukuza. Ni kumwepusha."

Kinjal alikuwa ameshafunga begi. "Mama, baba anasema kweli. Mimi nikiondoka, ninyi mtapona."

"Fungua hilo begi," alisema Elina.

"Mama..."

"Fungua! Ukiondoka leo, umekiri kwamba ulikuwa mchawi na kwamba mimi ndiye niliyekukaribisha. Kesho wakikosa mvua watamtafuta nani? Na mama yako kule alikukabidhi kwa nani? Kwa Mughwai?" Akamgeukia mumewe. "Baba Dina, kama huna mbio ni vizuri. Tutabaki wote."

Mkutano ulifanyika adhuhuri katika uwanja wa mashine ya alizeti. Alute, mwenyekiti wa kitongoji, alikaa kwenye benchi akijifuta jasho. Watu walijaa. Elina alifika na kikapu, Kinjal ubavuni mwake, Antipasi nyuma yao kama mtu anayesindikiza jeneza lake mwenyewe.

Mughwai alisema yake. Alute akamgeukia Kinjal. "Binti, zile taa zilikuwa za nini?"

Kinjal alisimama. "Shikamooni wazee. Kwetu tunasimulia habari za mwana wa mfalme aliyefukuzwa nyumbani kwao bila kosa. Alikaa msituni miaka mingi. Siku aliyorudi hakukuwa na mwezi, watu wakawasha taa kila mlango ili aione njia. Ndiyo hiyo tu. Mama yangu aliwasha kule kwetu. Mimi niko mbali, nikawasha kwa mama huyu."

"Maneno matamu," alisema Mughwai. "Lakini mawingu yako wapi?"

Watu wakaguna. Hapo Elina alifunua kikapu. Alitoa taa moja, akaimiminia mafuta, akawasha kiberiti mchana kweupe, akaiweka mavumbini katikati ya uwanja. Walio mbele walirudi nyuma wakakanyagana.

"Mughwai, shemeji yangu," alisema. "Umesema moto huu umefunga mvua."

"Nimesema."

"Basi njoo uuzime. Puliza tu, usiogope. Ukishauzima, mvua imefunguka, au siyo? Mwenyekiti ni shahidi, watu wote ni mashahidi. Leo jioni tunaingoja. Isiponyesha, ama ulitudanganya, ama aliyeifunga ni yule aliyeuzima."

Mughwai aliitazama taa. Aliangalia juu, angani hapakuwa na hata uzi wa wingu. Alipiga hatua moja mbele, akasita, akarudisha mguu.

"Mimi... mimi si mtaalamu wa mambo hayo."

"Jana ulikuwa mtaalamu!" sauti ya mwanamke ilipaa kutoka nyuma. "Hata fisi ulimwona!"

Kicheko kilianzia huko nyuma kikaja mbele kama upepo wa shambani. Alute alicheka mpaka akashika benchi. Hata waliokuja na mawe mifukoni walicheka. Na hofu ikishachekwa, ndugu zangu, haina tena pa kukaa.

Lakini Elina hakucheka.

"Mnacheka," alisema, na uwanja ukatulia. "Klara hakupata mtu wa kuwachekesha hivi. Alisimama peke yake. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu nimefunga mlango, nanyi mlikuwa mlipokuwa, kila mtu anapajua pake. Huyu mtoto wa watu ametuambia kwao aliyefukuzwa bila kosa huwashiwa taa arudi. Sisi, yule tuliyemfukuza, tulimwashia nini? Nyumba yake!"

Kisha Sikudhani, mke wa Mughwai mwenyewe, alipita katikati ya watu akaja mpaka kwenye kikapu.

"Zile kashata zimebaki, Mama Dina?"

"Zimebaki, zimo humu."

Alichukua moja, akaitafuna mbele ya wote, taratibu, akimtazama mumewe. "Karanga tu," alisema. "Karanga na sukari."

Watoto ndio waliofuata, kisha mama zao. Kikapu kikaisha. Alute alitamka kwamba atakayerusha tena jiwe au neno juu ya nyumba ya Elina atakabidhiwa polisi. Kisha aliamuru watu watatu waende Kintinku kumwomba Klara radhi na kumrudisha, wa kwanza wao akiwa Mughwai.

Walikwenda. Walimkuta anafinyanga. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa kwenye udongo, akawapa maji ya kunywa. Kisha akawajibu:

"Mwambieni Elina nimeshukuru sana. Lakini mimi hapo kwenu sirudi. Nikilala nitakuwa nasikia hatua za nani?"

Mughwai alirudi na jibu hilo, akalisema mwenyewe mbele ya Elina, kichwa chini. Elina aliingia ndani akalia, na safari hii Kinjal ndiye aliyemfuata.

MAFUNZO

Ndugu zangu wa Singida, nyumba moja iliokoka kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kununua usalama wake kwa kumtoa mgeni. Nyumba nyingine haikuokoka, na radhi zetu zote hazikuweza kuijenga. Mtu anayesherehekea mbali na kwao hana ukoo wa kumtetea wala mlango wa kukimbilia. Mlango wake ni wako. Ukiona usichokijua katika ua wa jirani, piga hodi uulize kabla hujakipa jina. Na maneno ya uchawi yakianza kisimani, usiwe wa kuyapokea wala wa kufunga mlango ukasikiliza. Simama mapema, kama Elina, maana ukichelewa utabaki kupeleka radhi kwa mtu asiyeweza tena kulala kwenu.

Neno lichungeni vyema, mdomoni likitoka,
Hupanda hata mlima, kama moto limewaka,
Limemuunguza mama, hana kosa hana shaka,
Taa haina uchawi, uchawi u ulimini.