Hilali na Barua za Watu

Ndugu zangu wa Kibondo na Kasulu, hebu tulieni niwaeleze yaliyoikuta nyumba ya Hilali. Siwaelezi ili tumcheke. Wengi wetu tungefanya kama yeye, na wengine tunafanya hivyo hata sasa.

Hilali alikuwa na steshenari pale Kibondo mjini, jirani na wauza maharage. Mkewe Shadia, mzaliwa wa Kasulu, ndiye aliyekaa dukani yeye alipokwenda kuswali. Mchana ungewakuta wamekaa bega kwa bega, mashine ya kutoa kopi ikinguruma, Shadia akimenya karanga na kumwekea mumewe kiganjani. Walipendana, na mtaa mzima ulijua.

Kazi kubwa ya Hilali ilikuwa barua pepe. Mtu wa Mabamba au Murungu akitafuta ajira anaambiwa awe na anwani. Hana. Anaingia kwa Hilali, anafunguliwa, kisha anasema maneno ambayo huku kwetu yamezoeleka: "Kaa nayo wewe, ikija barua utaniita." Basi anwani za watu zikajaa kwenye simu ya Hilali, na zote alizipa neno la siri moja asije akasahau: jina la mkewe na mwaka waliooana.

Anwani zilipozidi, ile programu iliyokuja na simu ikamchosha. Kutoka kwa huyu, kuingia kwa yule, kutwa nzima. Akatafuta programu ya kukusanya barua zote mahali pamoja, na hapo ndipo tabia yake ilipojitokeza, maana Hilali alikuwa mtu wa shaka. Moja ilisifiwa na watu wengi, akasema, "Kitu kinachosifiwa hivi kina jambo." Nyingine ilitaka kila mwenye anwani athibitishe kwa namba itakayotumwa kwenye simu yake mwenyewe, akaona ni usumbufu, tena ni umbea.

"Kwa nini tusimpelekee Shamsi akatushauri?" Shadia akasema. Shamsi alikuwa fundi wa simu kule Kasulu, mwanamke anayeijua kazi yake.

"Shamsi naye ana macho," Hilali akajibu.

Siku hizo mtu asiyemjua akarusha linki kwenye kundi la wenye steshenari: programu inayopokea anwani zozote, isiyouliza mengi, inayoficha barua hata mkeo asizione. Jamani! Mtu aliyemshuku kila mtu akamwamini huyo. Akaipakua, akaandika anwani zote pamoja na lile neno la siri, akafurahi kuona barua zimejipanga kwenye ukurasa mmoja.

Furaha haikudumu. Barua ambayo haijasomwa huonekana kwa maandishi mazito, ikishasomwa hufifia. Hilali akaanza kukuta barua mpya zimefifia, na yeye hajazigusa. Nani mwingine analijua neno la siri? Akamtazama Shadia, aliyekuwa akimhesabia mteja bahasha.

Hakumwuliza. Akaanza kumtega. Alikwenda na simu msikitini, akalala nayo chini ya mto, na barua zikaendelea kusomwa. Mwingine angesema, basi si mke wangu. Hilali akasema, basi ana simu nyingine kaificha. Akalipekua sanduku lake la khanga, na asipoona kitu hasira zikapanda zaidi, maana sasa aliona amezidiwa ujanja.

Shadia akazikuta khanga zimevurugwa.

"Unatafuta nini kwangu, Hilali?"

"Unajua ninachotafuta. Unamsomea nani barua za watu?"

"Barua? Mume wangu, hiyo programu umeitoa wapi?"

"Usinigeuzie maneno!"

"Sikugeuzii. Tangu uiweke umekuwa mgeni humu ndani. Mwonyeshe Shamsi."

"Shamsi, Shamsi! Kumbe mko pamoja."

Shadia akafunga mzigo wake bila kutoa chozi, akarudi kwao Kasulu. Hilali akajiambia amepona. Kesho yake barua zilikuwa zimesomwa tena, na Shadia hayupo. Hapo angeweza kumfuata mkewe, angeweza kuifuta ile programu. Aliona aibu, akanyamaza. Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Haukupita muda, kila anwani ikamkataa. Neno la siri si sahihi. Kuna aliyelibadilisha. Hilali akawa anawaambia wateja mtandao ni mbovu.

Asubuhi moja akaingia Irakoze, binti wa Mabamba aliyemaliza uuguzi, pamoja na baba yake, mzee Hatungimana.

"Mwakeye," mzee akasalimu kwa Kiha. "Hilali, wenzake na huyu mtoto wameitwa usaili Kasulu, hospitali. Huyu wetu hajaitwa? Imeili yake si uko nayo wewe?"

"Mtandao, mzee wangu, unasumbua..."

"Mtandao gani?" Irakoze akamkata. "Wenzangu wamefanya usaili jana. Nifungulie nione."

Hilali akaiweka simu mezani. "Siwezi kuifungua. Wamenifungia."

"Nani?"

"Sijui."

Mzee Hatungimana akakaa kwenye benchi. "Huyu nimemsomesha kwa jembe," akasema polepole. "Tukakuachia wewe, tukalala usingizi."

Wote watatu wakaenda Kasulu siku hiyohiyo. Kwenye ofisi ya hospitali wakaambiwa barua ilitumwa kwa anwani aliyoiandika mwombaji, na nafasi imeshapata mtu. Irakoze akamshika baba yake mkono, wakaondoka bila kumuaga Hilali.

Naye akajikokota hadi kwa Shamsi. Fundi akaitazama simu, akasikitika. "Programu hii haina mwenyewe anayejulikana. Ulipoandika neno la siri ulimpa huyo aliyeitengeneza. Yeye ndiye aliyekuwa anasoma, na ndiye aliyekufungia."

Hilali akaenda ukweni, akamkuta Shadia barazani.

"Nimekukosea. Haikuwa wewe."

"Mimi nilijua si mimi," Shadia akasema. "Wewe umeamini leo kwa sababu Shamsi amekwambia. Nikirudi, kitu kikipotea tena, utamtazama nani kwanza?"

Shadia akasubiri jibu. Alisubiri kweli, maana bado alimpenda. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Funzo

Ndugu zangu, kabla ya kuweka programu ya barua pepe ulizeni imetengenezwa na nani na imetoka wapi. Inayokusumbua kwa kutaka uthibitisho inakulinda. Anwani yako iwe kwenye mkono wako na iwe na neno lake la siri. Usimwachie mwenye duka, hata awe mcha Mungu namna gani. Nawe uliyepewa anwani ya mtu, umeshika riziki yake, usiifanyie mchezo. Na shaka ikikuingia, mkague kwanza mgeni uliyemkaribisha wewe mwenyewe, kabla hujapekua sanduku la mtu anayekupenda. Irakoze bado anaomba kazi hadi leo, na Hilali anamenya karanga zake mwenyewe.