Mafuta Yamejaa

Gari la Alute lilikata roho saa nne asubuhi katikati ya vichaka, Iguguno ikiwa nyuma na Nduguti bado mbali. Likakohoa mara mbili, likanyamaza. Mshale wa mafuta ulikuwa pale pale ulipolala tangu juzi, kwenye alama ya kujaa.

“Mafuta yamejaa,” Alute akamwambia shangazi yake aliyeketi kando. “Tatizo liko kwingine.”

Kwa saa nzima alilitafuta huko kwingine. Akafungua chujio, akaunguza kiganja, akaingia uvunguni akatoka na miiba magotini. Jua lilimchoma utosi bila huruma. Moyoni aliogopa, tena sana. Wazee wa Winfrida, binti anayemposa, walishaiahirisha posa yake mara mbili kwa sababu ya kuchelewa kwake, na safari hii walisema ikipita saa saba asisumbuke kuja tena. Mwanamume wa miaka arobaini na moja hana posa za kuchezea.

“Maji yamebaki kiasi gani, shangazi?”

“Nusu chupa. Lete kwanza hicho kiganja nikifunge,” akasema Rahabu, mshenga wake, akichana upindo wa khanga.

Mwishowe Alute akanyanyua zulia la nyuma, akachomoa waya unaotoka kwenye tenki. Mshale ukaporomoka. Kumbe geji ilikuwa nzima. Mwongo alikuwa boya la ndani ya tenki. Akafungua kifuniko, akalikuta boya limenasa juu, na chini yake tenki kavu kabisa.

Akacheka kwa raha. Mtu mzima hasafiri bila akiba, na jana alimpa shangazi madumu mawili amjazie mafuta ya safari. Akafungua la kwanza, akainamisha pua. Alizeti.

“Shangazi, hii nini?”

“Mafuta. Nimesimama kwenye mashine ya kukamua mpaka tone la mwisho.”

“Nilimaanisha dizeli.”

“Ungesema dizeli. Kwetu Ihanja kote, ukiambiwa mafuta unakwenda wapi? Nikajua ni ya ukweni. Au ulitaka wakaangie dizeli?”

Alute akakaa chini. Rahabu akatazama jua, akatazama gari.

“Hili zee nalo linachagua chakula?”

Ilikuwa injini ya dizeli ya zamani, isiyo na maringo. Alute akamimina dumu zima, akapampu kwa mkono kutoa upepo kwenye mipira ya mafuta mpaka kidonda kikafunguka. Gari likagoma, likapiga chafya, likawaka.

Wakaingia Nduguti saa saba kasoro dakika nne, moshi wa gari ukinukisha mtaa mzima maandazi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Babake Winfrida akanusa. “Mmepikia njiani?”

Rahabu akaeleza yote bila kumwonea haya mpwa wake, kisha akakabidhi dumu lililobaki. Mzee akacheka mpaka akafuta machozi.

“Aliyemwaga zawadi ili awahi, huyo ana nia. Kaa, baba.”

Alute alikaa kwa furaha. Tangu siku ile haamini mshale. Hupima tenki kwa kijiti.

Lakini siku hiyo mzee akauliza, “Na mafuta ya kurudi yapo?”

Alute akaligeukia dumu. Mama mkwe alikuwa ameshalikalia.