Virago Iliyotolewa Matopeni

Jumanne ile mjomba wangu Marcellin alifungua gereji yake ya mtaa wa Jabe saa moja asubuhi, akanyunyizia maji vumbi la mlangoni, akanywa chai akiwa amesimama. Ilikuwa Julai. Soko lilikuwa likiamka polepole. Wauza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, walipanga bakuli zao, redio ya jirani ilisoma matangazo ya vifo, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Mjomba alijulikana mtaani kwa jambo moja. Ukimletea pikipiki kuukuu isiyo na karatasi, alikuambia ni modeli gani na ya mwaka gani. Hakubahatisha. Aliangalia kama magurudumu yana spoku, silinda zimekaaje, nguvu inafika nyuma kwa mnyororo au kwa shafti. Kisha alisugua shingo ya fremu mpaka namba itoke, akahesabu alama moja moja hadi ya kumi. Hiyo ya kumi ndiyo hubeba mwaka.

Saa tatu Anouar akafika na mkokoteni. Anouar huuza vipuri, kama baba yake na babu yake. Juu ya mkokoteni alilaza pikipiki ndefu, yenye mpini mpana na kiti cha kuegemea, imeganda matope mpaka kwenye taa. Nyuma yake alitembea mwanamke mwembamba, mkono mmoja kwenye mpini.

"Papa Marcellin, njo uone mambo," alisema Anouar. "Vijana walinitolea hii kule Gatumba, mutoni. Nilitaka niikate vipande. Huyu mama akaishika, hataki kuiachilia. Wallahi, tangu asubuhi ananifuata kama polisi wa barabarani!"

Mwanamke hakucheka. Aliitwa Orpha, wa Buterere. Miaka mitatu nyuma mume wake, Trésor, alipanda pikipiki yake, aina ya Virago, kwenda Gatumba siku maji yalipofurika. Hakurudi. Maiti haikuonekana. Ndugu zake wakasema amevuka mpaka kwenda Uvira na ana mke mwingine kule, wakakataa kukaa matanga. Na pasipo matanga hakuna kuganduka, ile siku ambayo sisi Warundi hukusanyika kumaliza kilio. Nyumba ambayo haijulikani kama ina msiba au haina haiwezi kutoa bibi harusi. Binti yake Irène alikuwa amechumbiwa, na upande wa bwana harusi ulikuwa umesema: mwisho wa Julai, au tunatafuta kwingine.

Orpha alitoa karatasi ya pikipiki ya mumewe. Maji yaliingia nyumbani kwao pia, yakafuta namba yote. Palisomeka maneno machache tu: Yamaha Virago, 1994.

"Kama hii ni ya 1994, bwana yangu alikufa," alisema kwa sauti ndogo. "Kama si ya 1994, aliniacha. Niambie moja tu, Papa."

Mjomba akaanza kazi. Silinda mbili zilizopanuka kama vidole viwili. Shafti, si mnyororo. Virago. Akasugua shingo ya fremu, akahesabu. Alama ya kumi ilikuwa R. R ni 1994.

Angeishia hapo. Lakini fundi ni fundi. Alilala chini akatazama mashine, yaani injini, na namba yake haikupatana na ya fremu. Akafungua kifuniko cha plastiki pembeni mwa mashine. Kwa ndani kiwanda huchora duara dogo lenye mshale, kuonyesha kifuniko kilitengenezwa lini. Mshale ulielekea 99.

Alimvuta Anouar kando. "Hizi ni pikipiki mbili," alinong'ona.

"Walitoa mbili," Anouar alijibu, naye akinong'ona. "Ile nyingine fremu ilivunjika. Wakahamisha mashine yake, ili nione moja nzima. Ya nani, Mungu ndiye anajua. We nyamaza tu, mama wa watu amechoka."

Orpha alikuwa akiwatazama, mikono imekamata kitenge.

"Ni ya 1994," mjomba alimwambia. "Yote."

Neno hilo moja, "yote", ndilo lililomnyima usingizi.

Alipofungua mashine kumwaga mafuta, yalitoka maji. Maji safi, beseni zima. Akayamwaga, akafunga vizuri. Asubuhi beseni lilikuwa limejaa tena. Fremu ilikuwa kavu. Kiti kilikuwa kikavu. Ni mashine tu.

Siku ya tatu, tena. Aligusa silinda na jua likiwa juu. Zilikuwa baridi. Baridi ya kitu kinacholala chini ya mto.

Hakumwambia mtu. Chai ilipoa mezani. Mke wake anasema alikuwa akizunguka uani, anakaa, anasimama, anazunguka. Anasafisha mikono ambayo haikuwa michafu.

Jérémie, kaka mkubwa wa Trésor, alikuja, akaiona fremu, akaiona karatasi, akalia kama mtoto. Jumamosi ya wiki iliyofuata, baada ya matanga, watu walikaa Buterere kuganduka, saa nane mchana, chini ya turubai. Pikipiki ilisimamishwa mbele, imefunikwa shuka nyeupe. Jérémie alisimama.

"Mudogo wangu Trésor, tulikutukana wakati umekufa. Utusamehe. Mama Irène, na we utusamehe." Akawageukia watu. "Leo machozi yameisha."

Watu wakanyamaza, kama inavyotakiwa.

Mtu mmoja aliendelea kulia.

Ilikuwa sauti ya mwanaume. Ya chini. Ya mtu mwenye maji kooni.

"Nani huyo?" Jérémie aliuliza. "Tumemaliza! Anyamaze."

Watu walitazamana. Midomo yote ilikuwa imefungwa. Mzee mmoja alishika mdomo wake kwa kiganja, kuhakikisha si yeye. Kilio kikaendelea. Mtoto akanyoosha kidole kwenye shuka, mama yake akamshusha mkono haraka.

Orpha alisimama. Akavuta shuka.

Chini ya mashine udongo ulikuwa umelowa. Kilio kilitoka hapo. Ndani ya chuma.

"Papa Marcellin," alinong'ona. "Ulinificha nini?"

Mjomba alisema yote, mbele ya watu, macho chini. Fremu ya huyu. Mashine ya yule.

"Tuitupe!" Jérémie alipiga kelele. "Irudi mutoni sasa hivi!"

"Apana, shemeji." Orpha hakupandisha sauti. "Mi nilikaa miaka mitatu bila mutu wa kulia na mimi. Huyu naye iko na mama yake mahali fulani."

Alipiga magoti kwenye tope. Akaweka kiganja juu ya silinda.

"Wewe wa 1999," alisema. "Hatukujui. Hatujui jina. Tunakulilia."

Akalia. Wanawake wakamfuata, kisha wanaume, kisha Jérémie. Walilia muda mrefu, kilio kizima tangu mwanzo, kama cha mtu wa nyumbani. Walipomaliza, kulikuwa kimya. Mjomba aligusa mashine. Ilikuwa na joto, kama chuma chochote kwenye jua la Buterere.

Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi hiyo mjomba alitangulia kwenda kusaidia kupanga viti. Ndani alisikia wasichana wakicheka, wakimvalisha Irène. Orpha alikuwa mlangoni, amevaa imvutano mpya ya kijani, vazi letu la sherehe, hasogei.

"Usiite mutu," alinong'ona. "Tazama."

Mbele ya kizingiti, kwenye udongo mkavu, vililala vipande vya mashine mbalimbali za pikipiki. Saba. Kila kimoja kilikuwa kimemeguka pale penye namba, na namba imegeuzwa juu. Mjomba alichuchumaa akazisoma. Hakuna zilizofanana. Hapakuwa na alama ya mguu wala ya tairi.

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Vyote saba vilichuruzika maji, na vilipangwa kwa mstari mmoja, kutoka mlangoni kuelekea barabarani, kama watu walio kwenye foleni, wakisubiri kuliliwa.