Sinema Juu ya Sanda

Jua lilikuwa limeshagusa vichwa vya miti ya miyombo Telesphor Lyamba alipotoka mbio kwenye uwanja wa mpira wa Makanyagio, kwenda nyumbani kutafuta shuka jeupe.

Sababu ya mbio hizo ilikuwa panya. Melkiadi, fundi wa sinema aliyekuja na treni kutoka Tabora, alikuwa amefungua boksi la pazia lake mbele ya watu na kukuta matundu matupu. Panya wa ghalani walikuwa wamekula pazia na kubakiza kamba. Mashine ilikuwepo, jenereta ilikuwepo, filamu ilikuwepo ndani ya bati lake. Pa kuionyeshea hapakuwepo.

"Ndugu mkalimani," Melkiadi alisema kwa sauti ya chini, "nitafutie kitambaa cheupe, kipana. La sivyo uwaambie mwenyewe warudi makwao."

Kuwaambia? Telesphor? Kwa wiki mbili nzima alikuwa ametembea mjini akiwatia watu hofu ya bure. Alikuwa karani wa ghala la ushirika, aliyewahi kukaa seminari miaka miwili kabla ya kurudishwa, na Kiingereza alichorudi nacho ndicho kilichompa kiti cha mbele mjini Mpanda. Kila sinema ilipokuja, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti na kuwatafsiria watu. "Hii ni ya kioo kinachotimiza maombi," aliwaambia. "Kila ombi linageuka jinamizi. Mwenye moyo mwepesi abaki kwake." Basi watu walikuwa wamejaa, wengine wametoka Litapunga kwa baiskeli, na mwaka ule wa sabini na tano hapakuwa na mambo mengi ya kumtoa mtu Litapunga kwa baiskeli.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mama yake, Marsela, alikuwa ameenda kusali rozari kwa jirani. Telesphor alilishika shuka lake mwenyewe, akaliona lina viraka na halifiki hata nusu. Akasimama. Kisha macho yakaenda yenyewe chini ya kitanda cha mama yake.

Sanduku la mbao.

Alijua kilichomo. Wanawake wazee wa kwao Mpimbwe walikuwa na desturi ya kujiwekea sanda wangali hai, ili siku ikifika wasiwe mzigo kwa mtu. Marsela aliipata ya kwake kwa mpunga wa mavuno mawili: kitambaa kipya cha marikani, vipande viwili vipana alivyoviunga kwa mkono. Uzi mweupe ulimwishia, akamalizia kwa mwekundu. Aliikunja, akaiwekea kafuri, akamwita mwanawe na kumwelekeza bila kupepesa macho. "Siku utakayoikunjua, baba, utaje jina langu kwanza. Sanda isiyotajiwa jina hujitafutia mwenyewe wake." Kisha akacheka, maana Marsela alikuwa mtu wa kucheka. Kicheko chake kilianzia chini kama kikohozi, kikapanda ngazi kwa ngazi, na kikifika juu kuku wa jirani walikuwa wakikiitikia. Hata padre aliwahi kusimamisha mahubiri akisubiri kiishe.

"Nitairudisha kabla hawajafika tendo la tano la rozari," Telesphor alijisemea.

Akafungua sanduku. Harufu ya kafuri ikampanda puani. Akaibeba nguo kifuani, na hapo akashangaa kidogo. Ilikuwa nzito. Nzito mno kwa marikani... kana kwamba amembeba mtu aliyelala.

Hakutaja jina lolote. Alikuwa na haraka.

Waliifunga kwenye mwamba wa goli, wakaivuta kwa kamba kwenye miguu yote miwili. Giza lilipoingia, jenereta ikanguruma, mwanga ukapiga, na watu wakasema "Aaah" kama ilivyo ada.

Kisha filamu ikaanza, na aibu ikaanza nayo.

Kwanza, uzi mwekundu ulipita katikati ya pazia toka juu hadi chini, na kila mzungu aliyesimama pale alionekana kama amepasuliwa na kushonwa. Hilo watu walilivumilia. Lakini sinema yenyewe ilikuwa takataka. Mwanamke mmoja alikuta kioo kikuukuu ghorofani, akakiomba uzuri, na asubuhi uso wake ukawa umevimba kwa kitu ambacho kila mama pale uwanjani alikitambua kuwa unga wa ngano uliokorogwa na maji. Mume wake akaomba mvua, bomba likapasuka jikoni. Telesphor alijitahidi. Alitafsiri kwa sauti ya kaburini, akaongeza vilio ambavyo havikuwemo. Wapi.

Mwisho zimwi likatoka kwenye kioo. Lilikuwa jitu jeusi, lenye pembe. Likageuka kumfuata mwanamke yule, na mgongoni likaonyesha zipu.

"Zipu!" alipiga kelele Salvator kinyozi. "Jamani, shetani kaja na zipu!"

Uwanja ulipasuka. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wengine walianza kunyanyua baiskeli zao, na wakipita karibu na Telesphor walimpiga begani wakisema, "Pole, mkalimani, mioyo yetu haikuwa myepesi." Masikio yalimwaka moto. Wiki mbili za majigambo, na sasa mji mzima ungemwita Zipu mpaka azeeke.

Ndipo akaacha kutafsiri, akaanza kutunga.

"Nyie mnaocheka," alisema kwenye kipaza sauti, polepole, "hamjui mnachocheka. Kioo hiki si cha kwenye filamu. Kiko hapa. Kinasikia. Anayebisha na aombe."

Watu wakasita. Waliokuwa wakiondoka wakageuka. Na katika ukimya ule mdogo, sauti ya mwanamke ikatoka mbele kabisa, nyembamba.

"Mimi naomba Severini wangu arudi."

Alikuwa Hilaria, jirani yao. Mumewe alikuwa ameenda Urambo kulima tumbaku, na ulikuwa mwaka wa pili bila barua. Hakuna aliyecheka. Telesphor alihisi uwanja mzima ukirudi mkononi mwake, na moyo wake, Mungu amsamehe, ukafurahi.

Upepo mdogo ukaitikisa sanda. Harufu ya kafuri ikaenea juu ya vichwa vya watu.

"Na mimi naomba zipu ya suruali yangu!" akasema Salvator.

Kicheko kikarudi maradufu. Na juu ya vicheko vyote kikapanda kimoja, kutoka nyuma gizani, walikokuwa wamesimama waliochelewa. Kilianzia chini kama kikohozi. Kikapanda ngazi, kikapanda tena, na kila kilipopanda kiliwachukua na wengine, hadi hata Melkiadi akaanza kutetemeka mabega pembeni ya mashine yake.

"Nani huyo bibi?" Melkiadi alimnong'oneza, akiwa amefunika kipaza sauti kwa kiganja. "Ametumaliza."

"Simjui," Telesphor akajibu.

Akakinyakua kipaza sauti.

"Basi na mimi naomba," alisema. "Naomba kicheko hicho kikome."

Kikakoma.

Hakikupungua wala kukatishwa na kikohozi. Kilikatwa, na palepale utepe wa filamu ukakatika kwenye mashine, jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima.

Giza.

Lakini sanda haikuzima.

Ilibaki na weupe wake, hafifu, usiotoka popote. Na ndani ya weupe ule palikuwa na mtu. Hakuwa mzungu wala zimwi la zipu. Alikuwa mtu aliyelala chali, mikono imepangwa kifuani, kichwa kimefunikwa. Uzi mwekundu ulimpita kooni. Hakutikisika... wala pazia lenyewe halikutikisika, ingawa upepo ulikuwa unavuma.

Hakuna aliyepiga kelele. Mtoto mmoja alianza kulia, akazibwa mdomo. Kisha weupe ukanywea taratibu, ikabaki nguo tu inayoning'inia gizani.

Telesphor alisikia hatua. Mtu alipita katikati ya watu, na watu wakampisha. Alifika kwenye goli, akaipapasa nguo mpaka vidole vikaukuta uzi.

"Telesphor." Alikuwa mama yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, kavu. "Uliitajia jina la nani?"

Telesphor alizungusha waya wa kipaza sauti mkononi.

"Nakuuliza, baba. Uliitaja jina?"

"Hapana, mama."

"Basi umeituma."

Aliifungua kamba mwenyewe, akaikunja mwenyewe pale gizani, asiruhusu mkono wa mtu. Telesphor alisimama na kipaza sauti mfu, mji mzima ukimtazama. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Ardhi haimhurumii mtu wa namna ile.

Asubuhi treni ya mizigo ilipofika kutoka Kaliua, mpakia mizigo mmoja aitwaye Apollinarie, Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, alikuja kupiga hodi kwa Hilaria. Alivua kofia kabla ya kusema lolote. Severini alikuwa amerudi. Alikuwa ndani ya behewa, chini ya turubai.

"Alipanda Kaliua akiwa mgonjwa sana," Apollinarie aliwaeleza. "Ni homa ya siku nyingi. Alisema anataka kufia kwake. Tulipovuka mto Ugalla, giza likiwa limeshaingia, aliinua kichwa, akaniambia, mke wangu ananiita. Kisha basi."

Wenye akili zao walihesabu vizuri. Severini alikuwa njiani kabla sinema haijaanza, na homa yake ilianza kabla Melkiadi hajapakia mashine yake Tabora. Hakuna kioo, hakuna ombi. Ndivyo walivyosema watu mchana. Jioni hawakulisema tena.

Sanda ya kumzikia haikupatikana. Telesphor alijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa funguo za ghala alikuwa nazo yeye: majembe yalikuwepo, chumvi ilikuwepo, kitambaa hata kipande hakuna, na maduka ya mjini yalikuwa hivyohivyo tangu Kwaresima. Walikuwa wameanza kuzungumzia kumzika marehemu kwa magunia Marsela alipoingia na mzigo wake kichwani.

Aliiweka chini mbele ya maiti. Alisema jina kwa sauti ya kusikika, "Severini." Ndipo akaikunjua.

Hilaria aliishika mikono ya Telesphor kwa mikono yake yote miwili. "Kaka, mama yako ametusitiri. Mungu awalipe." Naye aliitikia Amina, akitazama vidole vya miguu yake.

Aliyetoka kwenye maziko yale hakuwa Marsela waliyemzoea. Hakuugua. Alilima, alipika, alisali. Lakini siku ya tatu Salvator alipita kusalimia na kusema upuuzi wake wa kawaida, na Marsela akafungua kinywa kucheka. Mabega yalitikisika. Machozi ya kucheka yalimjaa machoni. Sauti haikutoka... hata mkwaruzo. Salvator akaaga kabla chai haijaiva.

Ikawa hivyo kila mara. Watu wakaacha kumchekesha. Telesphor aliwaambia walimwengu kwamba ni mshtuko wa msiba, na walipomuuliza habari za usiku ule, aliwaambia kwamba kulikuwa na giza, kulikuwa na watu wengi, hakujua ni nani aliyekuwa akicheka kule nyuma.

Uongo. Alikijua. Kicheko hicho ndicho kilichombembeleza tangu akiwa mgongoni. Alikijua tangu kilipokuwa kikohozi, kabla hakijapanda hata ngazi moja, na alikijua vizuri wakati anakiomba kikome. Hilo ndilo lililomla. La sanda angeweza kulikiri kwa padre, na alilikiri. Hili alifika nalo kwenye kiti cha kitubio mara nne, na mara nne akarudi nalo nyumbani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Hilaria alikuja kwao jua likizama. Mkononi ana jembe, miguuni udongo mbichi. Hakuingia ndani. Alimwita Telesphor uani kwa ishara.

"Kaka," alinong'ona, "mume wangu hakuwa mtu wa kucheka. Unamkumbuka."

"Namkumbuka."

"Nilikuwa napalilia kaburi. Njoo usikilize."

Walikwenda, Hilaria mbele na jembe lake. Makaburi yalikuwa nyuma ya mashamba ya mahindi, na udongo wa kaburi la Severini ulikuwa umetitia kidogo katikati kwa mvua. Hilaria alipiga magoti. Telesphor naye akapiga. Kulikuwa na harufu ya nyasi zilizokatwa... na chini yake, kafuri.

Mwanzoni hakusikia kitu.

Kisha kikaja. Kutoka chini kabisa, kama kikohozi. Kikapanda. Kikapanda tena, kimezibwa na udongo, cha furaha kabisa, cha mtu aliyeona jambo la kuchekesha na hana habari na ubaya wa mtu yeyote.

Hilaria alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Unakijua?" aliuliza. "Kaka, niambie tu. Ni cha nani kile?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa neno fupi, la kwanza ambalo mtu hujifunza kusema.

"Sikijui," alisema Telesphor.

Aliporudi, Marsela alikuwa ameketi mlangoni na taa ya chemli. Alimtazama udongo wa magotini, akaunyanyua utambi kidogo ili amtazame na usoni.

"Umesikia nini huko, baba?"

"Sikusikia kitu, mama."

Marsela aliiweka taa chini. Kisha kinywa chake kikafunguka, mabega yakaanza kutikisika, na machozi yakamtelemka mashavuni kwenye mwanga wa taa. Uani palikuwa kimya kabisa.

Kwa jirani, kuku waliokwisha kulala wakaamka wote na kuitikia.