Damu ya Mbwa wa Yugu

Waliokuwapo katika maabara ya mifugo, Arua, asubuhi hiyo ya mwaka 1994: Inspekta Abiriga; Konstebo Dumo; Daktari Ayikoru, mwanamke mtafiti wa magonjwa ya mbwa; Yugu, mkulima wa kijiji cha Kuluba mwenye mbwa jike; na Natalina, mfagiaji wa maabara.

Matone ya damu yalikuwa yamekauka kando ya jokofu. Kufuli yake ilikuwa nzima.

"Kimeibwa nini?" Abiriga aliuliza.

"Sindano moja tu. Vichupa vyote vipo," Daktari alijibu. "Natafuta katika damu ya mbwa protini inayoashiria uvimbe wa matiti kabla vidole havijaugundua. Vipimo hufanyiwa Kampala, lakini kwanza mimi hukagua kila sampuli kwa hadubini. Tazama hii, ya mbwa wa Yugu."

Abiriga aliinama. Aliona vijidudu vyenye umbo la mundu.

"Malaria ya binadamu," Daktari alisema. "Mbwa haugui malaria hii. Hii ni damu ya mtu."

"Mutu?" Yugu alimaka. "Afande, mbwa yangu iko na miguu nne! Hesabu mwenyewe!"

Dumo aliyatazama matone sakafuni. "Nani ameuawa hapa?"

"Lakini hiyo damu," Natalina aliuliza polepole, "itaenda Kampala leo?"

Abiriga akamgeukia. Wengine walitaka kujua damu ni ya nani. Huyu alitaka ifike.

"Mama, ufunguo wa jokofu anao nani?"

"Daktari."

"Na nani mwingine?"

"Mimi."

"Pandisha mkono wa gauni."

Ndani ya kiwiko palikuwa na tundu la sindano, pamevimba na kuvilia damu.

"Nimemwaga ya mbwa," Natalina alisema. "Nimeweka yangu."

"Kwa nini?"

"Iko kitu kwa titi yangu, afande. Gumu kama jiwe. Hospitali wanaume ndio wanaangalia. Bwana yangu amekataa. Hapa mbwa anapimwa tu. Mbwa hapana omba bwana ruhusa."

Yugu alivua kofia yake.

Daktari Ayikoru aliketi karibu naye. "Natalina, kipimo hiki ni cha mbwa. Hakiisomi damu ya mtu. Majibu yangerudi kwamba hakuna uvimbe, nawe ungeamini."

Natalina alijifunika uso kwa aproni.

Abiriga alivaa kofia yake, akawatazama wote.

"Sikilizeni. Hakuna kesi. Dumo, washa gari. Mama huyu anakwenda hospitali sasa hivi, na Daktari atakaa naye chumbani. Mume wake nitamweleza mimi mwenyewe, nikiwa na sare hii."