Sifa Arobaini kwa Dada Rula

Saa saba mchana ilikuwa saa yetu. Vyombo vimeoshwa, watoto wamelala, na kila mwenye uzi na sindano ya kroshia anatafuta pembe yenye upepo, anaipiga picha kazi yake ya siku na kuituma kwenye kundi la simu. Tulikuwa wanawake arobaini na mmoja. Wengi wetu hatukuwahi kuonana uso kwa uso, lakini tulijuana kwa vitanzi. Ukituma picha bila kusema neno, wenzio wanakujua. Huyu anakaza uzi kama anagombana nao. Yule analegeza, ana haraka ya kumaliza. Mimi kingo zangu hupanda mlima, wala sibishi.

Mmoja wetu tulimwita Dada Rula, kwa sababu mistari yake ilinyooka utadhani imepigwa kwa rula. Alikaa mitaa miwili tu kutoka kwangu, nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa bati, na mumewe, fundi saa, ambaye meza yake ya kazi ilikuwa pale pale sebuleni chini ya dirisha. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali na mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Dada Rula alikuwa anamfumia mjukuu shali nyeupe. Kila tulipopiga soga ilikuwa shali, shali, shali, mpaka tukamtania kwamba mtoto atazaliwa akiidai.

Kundi lilikuwa na sheria moja. Mwenyekiti wetu aliiweka baada ya mwenzetu mmoja kuondoka kwa machozi, ameumizwa na maneno: hapa hatukosoi, hapa tunapeana moyo. Na moyo tulipeana kweli. Nilipofiwa na mama, wanawake hawa ndio walionishika. Walinipigia simu kwa zamu siku saba, wengine hata sura zao sizijui. Kwa hiyo msinielewe vibaya, sisemi kundi lilikuwa baya.

Mbaya nilikuwa mimi. Mimi neno likinikaa kooni linaniwasha, lazima nilitoe. Nikafungua kikundi kingine kidogo cha watu watatu: mimi, Msusi, na Mwalimu wa chekechea. Tukakiita Uani. Mbele tunasifu, uani tunasema tulichokiona. Mnajua wenyewe utamu wake.

Kisha likaja joto. Joto la mwaka ule lilikuwa na ubaya wake. Bati lilikuwa linalia kuanzia saa nne asubuhi, umeme unakatika, maji ya bombani yanatoka ya moto kama yamechemshwa. Uzi ulikuwa unalowa jasho mkononi. Wengi tuliacha kufuma. Dada Rula hakuacha, mjukuu alikuwa njiani.

Jumanne akatuma picha. Nikaikuza kwa vidole viwili, kama kawaida yangu ya umbea, nikaona. Mstari wa juu ulikuwa umeyumba. Vitanzi vingine vimebana, vingine vimeachia, ungeweza kupitisha kidole gumba. Hiyo haikuwa kazi ya Dada Rula.

Kwenye kundi nikaandika, "Hongera malkia! Mikono ya dhahabu hiyo!" Nikaweka na maua matano. Kisha nikakimbilia Uani.

"Mmeona?"

"Nimeona," Msusi akajibu. "Rula imepinda."

"Au siku hizi anafumia miguu?" nikauliza.

Mwalimu naye akaongeza: "Watoto wangu wa miaka minne wananyoosha mstari kuliko huo."

Tulicheka jamani. Nilicheka mpaka nikalala chali sakafuni.

Jumatano picha ilikuwa mbaya zaidi. Alhamisi ikaja na maneno. Nimeyasoma mara nyingi tangu siku ile, nayajua kwa moyo: "Wenzangu, tangu juzi mkono wa kulia mzito. Sindano inaniponyoka. Labda ni joto. Lakini kazi naiona kama si yangu. Niambieni ukweli, iko sawa?"

Shikeni hapo. Aliuliza. Hakunyamaza na maradhi yake, hakujificha. Aliwauliza watu arobaini wanaojua kusoma kitanzi, na akaomba ukweli kwa jina lake.

"Imependeza!"

"Usijishushe, mamii!"

"Joto tu hilo, sote hoi."

Mimi je? Mimi nikaandika, "Dada, kazi safi kabisa, songa mbele!" Maua matano.

Kule Uani, Mwalimu ndiye aliyesita. "Hivi tusimwambie?"

"Umwambie wewe basi," nikamjibu. "Mimi sitaki kuonekana mkosoaji."

"Aa, basi tu."

Yaliyotokea ndani ya nyumba ile nimeyajua baadaye. Jioni hiyo hiyo fundi saa alimwambia mkewe, "Mama, jiandae twende zahanati. Leo umeangusha kikombe mara mbili."

"Kwani vikombe havianguki?"

"Na huo mkono?"

Dada Rula akamsogezea simu. "Soma hapa. Watu arobaini, wote mafundi. Kama kungekuwa na kasoro wangesema." Mumewe akavaa miwani, akasoma sifa zote, moja baada ya nyingine. Yeye kroshia haijui, anajua saa. Akaamini, akairudisha simu, akarudi mezani kwake.

Ijumaa saa saba picha haikuja. Nikaandika Uani, "Leo kaona aibu." Msusi akaweka vicheko vitatu.

Saa ile ile mwenzetu alikuwa chini, kati ya kiti na meza, shali imemfunika miguu. Fundi saa alikuwa ametoka kupeleka saa ya ukutani kwa mteja. Aliporudi alimkuta macho wazi, mdomo umekwenda upande. Daktari alisema presha ilikuwa juu, na joto lile limemkausha maji mwilini. Akasema pia kwamba mwili ulitoa taarifa siku nne nzima, na angewahishwa hata siku moja mapema mambo huenda yangekuwa mengine.

Hakufa. Lakini mkono wa kulia ulibaki umelala, na maneno yakawa mazito mdomoni.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, kundi liliamka. Mwenyekiti alipanga zamu. Mmoja alileta feni, mwingine akawa anampelekea barafu, wengine walisafiri kutoka mbali kuja kumwogesha na kumpikia mtu waliyemjua kwa vitanzi tu. Nami nikaenda, na chupa yangu ya maji ya matunda, nimejipanga na pole zangu.

Fundi saa alinikaribisha vizuri, akanipa kiti karibu na kitanda. Kisha akauliza, bila hasira hata kidogo, "Shemeji, hebu nieleweshe. Mimi saa ikichelewa naisikia tu kwa sikio. Nyinyi na kazi hii mnayoijua, hamkuona kitu?"

"Unajua shemeji," nikasema, "picha za simu hizi hazionyeshi vizuri..."

Dada Rula akaingiza mkono wa kushoto chini ya mto, akaitoa ile shali, akanitandikia mapajani. Akakishika kidole changu na kukipitisha juu ya mstari, taratibu, mpaka vitanzi vilipoanza kuachia. Akakikandamiza pale.

"Ha... pa," akasema.

Nilitaka kudanganya mara ya pili, nikashindwa. "Hapo," nikamjibu. "Jumanne. Niliona. Na nilicheka."

Fundi saa alisimama, akaenda mezani kwake, akatupa mgongo. Saa zote za mle ndani zilikuwa zinagonga. Angenitukana ningepumua.

Nilimwomba Dada Rula aniruhusu nifumue sehemu mbovu niimalizie shali. Akatikisa kichwa. Mjukuu alipozaliwa alifunikwa kwa nusu ile ile, na mstari ule uliopinda ukiwa ukingoni, kila mtu anauona.

FUNZO

Ndugu zangu, sifa ya uongo si upendo, hata ukiipamba kwa maua. Kumpa mwenzako moyo si kumficha asichokiona. Na ukweli mnaousema pembeni mkicheka ni mali ya mwenyewe, mmemwibia. Tulikuwa arobaini, kila mmoja akidhani mwingine ndiye atakayesema, na mwenye kuuliza akaondoka na jibu lililomlaza kitandani.

Uani nimekifuta. Haisaidii kitu, lakini nimekifuta. Leo saa saba, mtu akikuuliza kama kazi yake iko sawa, mjibu ukweli, kwa upole. Na kama anakaa karibu, usimjibu kwa simu, nenda ukabishe hodi umtazame usoni. Kutoka kwangu mpaka kwa Dada Rula ni hatua mia tatu, siku hizi ninazihesabu kila siku. Wakati ule nilituma maua matano.